Ngoma Haikulogwa

Mwanachama mwenzangu, chamani siku hizi kuna maneno. Wapo wanaotaka fedha zetu zinunue kinanda cha umeme, ngoma itupwe stoo. Sababu? Eti ngoma yetu ya ngozi ya mbuzi hulia vizuri hapa Bungoma, lakini ikifika Kitale asubuhi ya tamasha inakoroma kama mtu mwenye mafua. Wengine wamethubutu kusema imelogwa. Hasha!

Ngozi ya ngoma ni utando, na utando unaotetemeka una mlinganyo wake, wa aina ile inayoeleza kitu kinachobadilika mahali na wakati kwa pamoja. Usiogope jina. Chora ngozi kwenye karatasi ya grafu. Kila nukta huvutwa na majirani zake wanne: wakiwa juu yake, inavutwa juu, wakiwa chini, inavutwa chini. Tarakilishi ikirudia hesabu hiyo maelfu ya mara, ngoma inalia ndani ya mashine bila kuguswa na mkono. (Ila hatua za muda ziwe ndogo sana. Ukiwa na pupa, namba zinalipuka!)

Hesabu inatuambia nini? Kwamba mkazo wa ngozi ukipungua kwa robo, sauti hushuka kwa takriban asilimia 13. Mtu yeyote mwenye masikio atasikia. Na ngozi hulegezwa na unyevu. Ndiyo maana wazee huipasha ngoma moto au kuianika juani kabla ya kuipiga.

Wengine husema ni hewa ya kule juu. Hebu tuone. Hewa ni giligili kama maji, na ngozi ikitikisika lazima iisukume. Ni kama imebebeshwa mzigo, basi sauti zake hushuka, hasa zile nzito. Anayeigiza ngoma kwenye tarakilishi akasahau hewa atapata sauti za uwiano wa 1, 1.59, 2.14, 2.30, na ngoma ya kweli itamkana. Sasa, Kitale iko kama mita 1,900 juu ya bahari, Bungoma kama 1,400. Hewa ya Kitale ni nyepesi zaidi, mzigo unapungua, kwa hivyo sauti ilipaswa kupanda kidogo, si kushuka! Hewa nyepesi haina hatia. Mshtakiwa ni unyevu wa asubuhi yenye baridi, na dawa yake ni jiko la makaa na nusu saa ya subira.

Kinanda nacho, mgala muue na haki mpe, hakijali ukungu. Lakini majirani zetu Waisukha na Waidakho wa Kakamega, Isukuti yao iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Kwani sisi tunangoja yetu ifike huko?

Mkutano ujao kura yangu ni la. Jiko nitalibeba mwenyewe, kupitia Webuye na Kiminini, hadi Kitale.