Wajukuu na walale nje likizo hii

Likizo ya Desemba inapokaribia, wazazi wa mjini huanza kuulizana swali moja: watoto tuwapeleke wapi? Wapo wanaowatafutia mwalimu wa masomo ya ziada kisirisiri, ingawa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeyapiga marufuku masomo ya likizo. Wapo wanaowafungia ndani pamoja na televisheni na simu. Na wapo, tena ni wengi bado, wanaowapakia kwenye matatu na kuwaleta huku kwetu Kutus, Kerugoya, Kagio na vijiji vya Mwea, wakae na babu na nyanya zao hadi shule zifunguliwe Januari. Haja yangu leo ni kuzungumza na hawa wa tatu, na hasa na walimu wa watoto wao, juu ya jambo ambalo huenda likawachekesha baadhi ya wasomaji. Watoto hawa na walazwe nje, uani, pamoja na wazee wao, walau usiku mmoja au miwili.

Sidai kwamba hii ni mila ya mababu. La hasha! Mkikuyu wa zamani hakulala nje kwa kupenda. Hadithi zilitambwa ndani, kando ya moto, katika nyumba ya mama, naye baba alikuwa na thingira yake. Nje kulikuwa na fisi na umande. Aliyelala nje alikuwa mlinzi wa mazao au mchungaji, na hata leo wakati wa mavuno ya mpunga huko Mwea wapo wanaokesha mashambani wakiyalinda magunia yao. Wenzetu wa Lamu, na wale wa Muscat kabla ya kuja kwa viyoyozi, ndio waliopanda juu ya paa kulala kwa sababu ya joto. Sisi tulio chini ya Mlima Kenya, joto letu si la kumtoa mtu kitandani. Ninachopendekeza basi ni kitu kipya, na sioni haya kukiita hivyo. Moto wa jikoni uliowakusanya watoto umezimika katika nyumba nyingi. Meko ya gesi hayana nafasi ya kuzungukwa na watu kumi, na sebuleni mahali pa mtambaji pamekaliwa na televisheni. Usiku wa wazee na watoto umekosa makao, nami naona uani ndiko mahali pekee palipobaki.

Walimu wenzangu wa Kiswahili watanielewa upesi. Kila mwaka watahiniwa wa Kidato cha Nne huketi kufanya karatasi ya tatu, ile ya fasihi, na fasihi simulizi imo ndani yake. Kwa miaka niliyofundisha kabla ya kustaafu, sikukosa kumpata mwanafunzi awezaye kuorodhesha sifa za mtambaji bora, aina za ngano, dhima ya vitendawili na fomula za kuanzia na kumalizia, moja baada ya nyingine, bila kutia kosa. Lakini ukimwomba akutambie hadithi moja tu aliyowahi kutambiwa na mtu aliye hai, hunyamaza na kutazama dirishani. Ilhali nyanya yake yu hai, anaishi kilomita tatu kutoka shuleni, na kichwani mwake mna hadithi zisizomo katika kitabu chochote! Tumeigeuza fasihi ya mdomo kuwa fasihi ya daftari, kisha tunashangaa kwa nini wanafunzi huiona kavu.

Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alieleza katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986 jinsi alivyokuwa utotoni akisikiliza hadithi jioni kando ya moto, na jinsi lugha ya shule ilivyokuja baadaye kutengana na ile ya nyumbani. Watoto wa Ngũgĩ wa leo hawana hata utengano huo wa kulalamikia. Wengi wao waliozaliwa Nairobi hawaijui kabisa lugha ya nyanya zao.

Ni kwa sababu gani basi nasisitiza kulala, wala si kuketi tu baada ya chajio? Jibu nililipata kwangu nyumbani miaka michache iliyopita. Umeme ulikatika, ndani kukawa na joto na giza, nasi tukatandika mikeka na magodoro chini ya mparachichi: mimi, mke wangu na wajukuu watatu. Muda walipokuwa wameketi walinitazama kama wanavyomtazama mwalimu, wakajibu walipoulizwa. Tulipolala chali, kila mmoja akitazama juu, hakuna aliyeona macho ya mwenzake. Hapo ndipo maswali yalipoanza. Mkubwa wao, ambaye ndiye mwenye jina langu, aliniuliza kama nilikuwa nikimwogopa baba yangu. Swali hilo mwanangu mwenyewe hajawahi kuniuliza, na umri wake umepita miaka arobaini.

Msomaji asiyetoka pande hizi ajue kwamba kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa jina la babu mzaa baba, na msichana wa kwanza kwa jina la nyanya mzaa baba. Kwa hiyo mjukuu huyo ni mimi. Mke wangu humwita mume wake na kumtania kwamba haleti kuni. Utani huu una kazi yake, kwani huondoa woga baina ya mzee na mtoto, nao ni mlango uliokwisha kufunguliwa na mila. Ni sisi tu tusioupitia, kwa kuwa mchana mzee yumo shambani, na usiku mtoto yumo katika simu.

Lugha nayo ilijitafutia njia. Mdogo wao hajui Kikuyu, mke wangu hajui Kiingereza, basi Kiswahili kikawa daraja. Mke wangu alisema “Gwata ndai!”, watoto wasijue la kujibu, akawafundisha kuitikia. Baada ya robo saa walikuwa wakitegana vitendawili kwa lugha mbili, na mmoja alipokwama akadaiwa mji kama alivyosoma shuleni. Alicheka kweli kweli alipotambua kwamba lile neno la kitabuni lina kazi.

Na juu yao kulikuwa na mbingu. Katikati ya Desemba, saa mbili za usiku, kilimia huwa kimekwisha kupanda vizuri upande wa mashariki, nyota ndogo zilizosongamana kama vifaranga. Kwa Kikuyu huitwa kirimira, na mtoto hahitaji kuambiwa kwamba maneno haya mawili ni ndugu, yote yametokana na kulima. Wahenga wa pwani walisema kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwetu Kirinyaga nusu ya pili ndiyo yenye kweli. Mwezi wa Mei, katika mvua za masika, kilimia huzama pamoja na jua, kisha huonekana tena alfajiri mwezi wa Juni, mvua zinapokwisha na baridi ya gathano inapoanza. Mwalimu aweza kuiandika methali hii ubaoni mara mia. Usiku mmoja wa kuonyeshwa kwa kidole watosha. Hata watoto nao wana lao la kufundisha: yule wa kati alinionyesha nyota inayotembea polepole bila kumetameta, akaniambia ni setilaiti. Nami nikamwambia kwamba mnamo tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi, ikaenda kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Hakuamini.

Lipo jambo jingine, zito zaidi. Wazee wa rika la mama yangu waliujua usiku uliofungwa kwa kufuli. Baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari mnamo Oktoba 1952, na hasa kuanzia mwaka 1954, zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati, Embu na Meru waliondolewa katika boma zao na kusongamanishwa katika vijiji zaidi ya 800. Vijiji vingi vilizungushiwa mahandaki yenye vijiti vilivyochongwa, na amri ya kutotoka nje ikawa ikianza magharibi hadi asubuhi. Mifereji ya mpunga ya Mwea, ambayo watoto wetu hudhani ilikuwako tangu kuumbwa kwa dunia, ilianza kuchimbwa nyakati hizo kwa jasho la wafungwa waliowekwa kizuizini. Aliyekuwa na miaka sita wakati huo sasa anakaribia miaka themanini. Mzee wa namna hiyo akilala nje bila kuogopa askari, kando ya mjukuu, ana la kusimulia, na mara nyingi hulisimulia hapo tu. Mchana ukimuuliza atakwambia ni mambo ya kale, uyaache. Nimesikia habari za mahandaki hayo kutoka kwa mzee mmoja jirani yangu saa tano za usiku, baada ya kuishi naye jirani kwa miaka ishirini. Miaka kumi ijayo atakuwepo nani wa kuulizwa?

Sasa nije kwenye mbu, maana najua mama wa Nairobi amekuwa akilisubiri neno hili tangu mwanzo. Ana haki. Mwea ina maji, na maji yana mbu. Aliye mwingi katika mashamba ya mpunga ni Anopheles arabiensis, ambaye hupenda damu ya ng'ombe lakini hamkatai mtu, tena huuma nje ya nyumba na hata kabla watu hawajalala. Chandarua kilichobaki kitandani hakimfai aliyelala uani. Basi kitolewe, kifungwe kwenye tawi, na pindo zake zikunjwe chini ya godoro pande zote nne. Nyasi zifyekwe mapema kwa ajili ya nyoka. Lango lifungwe, mbwa afunguliwe. Mtoto mchanga na mwenye pumu wabaki ndani. Watu wazima wawe wawili au zaidi. Usiku uchaguliwe: Novemba kuna mvua, na Julai kuna baridi ya kumuumiza mtoto. Baada ya katikati ya Desemba mvua za vuli huwa zimepungua. Umande ukizidi saa tisa za usiku, hakuna aibu kuingia ndani.

Asiyeingia hupata zawadi. Mlima wetu ni mwenye haya. Jua likipanda kidogo hujifunika mawingu hadi jioni, na mtoto anayeamka saa tatu aweza kumaliza likizo nzima asiuone. Anayefumbua macho kunapopambazuka huviona vilele vyote, na Batian, chenye mita 5,199, kikiwa cheusi dhidi ya mwanga. Weupe wake umekuwa haba. Barafu ya Lewis, iliyo kubwa kuliko zote mlimani humo, imepoteza sehemu kubwa mno ya ujazo wake tangu mwaka 1934, na watoto hawa huenda wakaizika.

Walimu wenzangu, mnapotayarisha kazi ya likizo, punguzeni zile kurasa arobaini za maswali ya kuchagua jibu ambazo mzazi huishia kuzijaza mwenyewe usiku wa kuamkia kufungua shule. Badala yake ulizeni maswali mawili. Ni hadithi gani uliyotambiwa usiku, na nani, na ilianzaje? Ni nini ulichomuuliza mzee wako ambacho hukuwahi kumuuliza? Jibu lisomwe darasani kwa sauti, kwa lugha yoyote mtoto aliyoisikia, kisha lielezwe kwa Kiswahili. Alama kumi zatosha. Asiye na babu wala nyanya aende kwa jirani. Kutus haina uhaba wa wazee wasiopata usingizi.