Nani Aliyechora Ukuta wa Ukumbi Wetu?

Naomba nafasi katika ukurasa huu wa Kiswahili niseme juu ya kitu ambacho sisi sote hukipita mara tatu kila siku tukiwa na sahani mkononi. Nacho ni ile picha iliyochorwa ukutani katika ukumbi wa chakula, upande wa jikoni. Wavuvi sita wanavuta wavu, na nyuma yao yupo mama amejitwika kikapu. Wavuvi watano wana nyuso, wa sita hana, maana hapo ndipo bomba la maji lilipopasuka zamani na rangi ikabambuka.

Mwanzoni mwa muhula huu tulitangaziwa ya kuwa ukumbi utapakwa rangi mpya wakati wa likizo, na ukuta huo pia. Sina ugomvi na rangi mpya. Kuta zimekula moshi wa miaka mingi, na wageni wakija twaona haya. Walakini niliposikia tangazo lile nilianza kuuliza ni nani aliyeichora picha ile, na hapo ndipo nilipopata huzuni. Mwalimu wa kwanza aliniambia kuwa aliikuta alipokuja. Wa pili alinijibu vivyo hivyo. Mpishi wetu mzee ndiye peke yake aliyekuwa na la kusema: ya kwamba alikuwa kijana mrefu asiyependa maneno, akija usiku baada ya chakula, akisimama juu ya meza mbili zilizopandishwa. Jina lake mzee amelisahau. Katika pembe ya chini zimebaki herufi mbili tu, K na M, nazo huzioni mpaka uondoe pipa la taka.

Pipa la taka! Haya, tuendelee.

Mimi ni mwanafunzi wa Sanaa. Katika kidato chetu tuko saba, na wenzetu wanatuita wapiga chokaa. Hata baadhi ya wazazi hudhani kwamba anayechagua Sanaa ni yule aliyeshindwa na hesabu. Siwalaumu sana, maana ni nani aliyewaonyesha jambo jingine? Mwaka jana tulipokwenda ziara Kampala tulisimama mbele ya Sanamu ya Uhuru, yule mama aliyezongwa vitambaa mwilini, aliyemwinua mtoto juu, na mtoto amenyosha mikono kuelekea mbinguni. Kila mtu alipiga picha. Nikauliza, nani aliyeifanya? Kati ya wanafunzi zaidi ya thelathini hakuna aliyejua kwamba ni Gregory Maloba, aliyetoka Kenya, akajifunza Makerere kwa Bibi Margaret Trowell, kisha akafundisha huko huko, na kwamba aliifanya kwa ajili ya Uhuru wa mwaka 1962. Nasi twaweza kuwataja wachezaji kumi na mmoja wa timu ya Ulaya bila kupumzika.

Lakini Maloba ana sanamu mjini, na kazi yake haiwezi kufutwa kwa ndoo ya chokaa. Wapo wengine ambao ukuta wao ulikwisha zamani. Huko Kongo, katika Katanga, upo mji uitwao Bukama kando ya mto Lualaba. Mwaka 1926 Mbelgiji mmoja mtumishi wa serikali, Georges Thiry, alipita huko akaona nyumba za udongo zilizopambwa kwa picha za ajabu. Aliuliza (naye aliuliza, tofauti na sisi) akaambiwa ni kazi ya Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu. Mkewe, Antoinette, naye alikuwa mchoraji. Thiry akawapa karatasi na rangi za maji, na picha zao zikapelekwa Ulaya, zikaonyeshwa Brussels mwaka 1929 na Geneva mwaka 1930. Kisha biashara ile ikalala, na Lubaki akasahauliwa kabisa. Vitabu vinavyomtaja vinaacha mahali patupu penye mwaka wa kufa kwake. Miaka mingi ikapita, hata mwaka 2015 ndipo watu wengi wa Paris walipoziona karatasi zile katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo.

Angalieni jambo hili. Zile picha za ukutani, zilizomfanya mgeni asimame njiani, hazipo tena. Kilichobaki ni kile kilichowekwa juu ya karatasi na kuandikwa jina. Udongo wa nyumba uliporomoka kama udongo wote unavyoporomoka, na hapo hakuna wa kulaumiwa. Sisi je, tutasema ni mvua?

Nitamtaja mmoja tu zaidi, maana yeye ndiye ninayemfikiria kila niketipo na kalamu. Bibi Rosemary Karuga alizaliwa Meru mwaka 1928. Alisoma sanaa Makerere kuanzia mwaka 1950 hata 1952, wakati darasa lile lilikuwa la wanaume, naye alikuwa mwanamke wa kwanza kusoma humo. Baada ya hapo? Akarudi Kenya akawa mwalimu wa shule, akalea watoto, akalima. Miaka zaidi ya thelathini ikapita. Alipostaafu ndipo alipoanza upya, na kwa kuwa rangi ni ghali, alichukua karatasi za sabuni ya Rexona na mifuko ya unga, akazikata vipande vidogo vidogo na kuvibandika mpaka vikawa wanawake, kuku, kanga na miti. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa huko Harlem, Marekani, pamoja na za wasanii mashuhuri wa Afrika. Alikufa mwaka 2021, mbali sana na kwao, katika Ireland.

Watu wakisimulia habari hii husifu uvumilivu wake. Mimi huulizia ile miaka thelathini. Je, alipokuwa akisahihisha madaftari, mikono yake ilikuwa ikitamani nini? Na katika shule alizofundisha, yupo aliyejua ya kwamba mwalimu wao alikuwa msanii? Ubunifu haukumtoka, hilo tumeliona, maana usingekuwamo asingeuona uzuri ndani ya karatasi ya sabuni ambayo wewe na mimi hutupa. Lakini picha ambazo angezifanya akiwa na miaka arobaini, hizo hakuna mtu atakayeziona.

Sasa rafiki yangu mmoja, hodari wa Fizikia, aliniambia hivi: “Bwana, hao uliowataja walikuwa wasanii kweli. Picha yetu ya ukumbini ni mbaya. Wavuvi wana mikono kama majembe.” Nilikaa kimya, kwa sababu mikono ni mikubwa mno, si uongo. Jumamosi iliyofuata nikachukua daftari nikakaa mbele ya ukuta, nikainakili picha ile, ila mikono nikaifanya ya kadiri kama tunavyofundishwa. Nilipomaliza nikaona wavu umekuwa mwepesi kama shuka la kitandani. Hakuna samaki ndani yake, hakuna maji, na wale watu wanacheza tu. Nikafuta, nikaweka mikono mikubwa, na wavu ukajaa. Yule kijana wa usiku alijua alilolifanya. Labda baba yake alikuwa mvuvi. Labda alivuta mwenyewe akajua jinsi mkono unavyokuwa kamba inapokatia kiganjani. Tangu siku ile sikubali neno “mbaya” lisemwe na mtu ambaye hajatazama kwa muda wa saa moja.

Sidai ukumbi wote uachwe na masizi yake. Nasema kuta tatu zipakwe rangi, na huo wa nne uoshwe kwa kitambaa chenye maji kidogo, pipa lihamishwe, basi. Sisi saba wa darasa la Sanaa tuko tayari kuifanya kazi hiyo siku za Jumamosi bila malipo. Uso wa mvuvi wa sita hatutauchora, kwa sababu si wetu. Na kama wakubwa wataona hapana budi ukuta ufunikwe, twaomba kwanza upigwe picha nzuri, na iwekwe maktaba pamoja na jina.

Ila jina ndilo hatuna. Kwa hiyo nawaelekea ninyi mliosoma hapa zamani, mnaolipokea gazeti hili huko makazini na majumbani kwenu. Mpishi anakumbuka ya kuwa mwaka ule jiko la kuni lilikuwa bado halijahamishwa, na kwamba timu ya mpira ilivaa kijani. Aliyekuwapo wakati huo, na anayemkumbuka mtu mrefu wa herufi K na M aliyesimama juu ya meza mbili usiku, tafadhali amwandikie Mhariri kabla ya muhula kufungwa. Likizo itaanza baada ya majuma matano, na madebe ya rangi yamekwisha kuletwa. Yako nyuma ya jiko.