Maniema: Nguvu ya metali iko kwenye kuifua, sisi tunauza mawe

KINDU – Kila mfua vyuma anajua jambo hili: chuma kikigongwa sana kikiwa baridi kinakuwa kigumu, kikirudishwa motoni kinalegea. Elimu hiyo ya nyundo na moto ndiyo inayoshughulisha leo viwanda vikubwa vya dunia, safari hii kwa metali nyepesi inayoitwa magnesi.

Sentimita moja ya ujazo ya magnesi ina uzito wa gramu 1.74, wakati ile ya aluminiamu ina gramu 2.70. Kwa hiyo watengenezaji wa magari, simu na kompyuta wanaitaka. Shida ni kwamba si imara sana. Ili kuipa nguvu, wataalamu wanaichanganya na metali zingine, kisha wanaisukuma kwa mashine kupitia tundu lenye kona, tena na tena. Mbinu hiyo ilianzia Umoja wa Kisovieti katika miaka ya 1970. Punje zilizo ndani ya metali zinavunjika na kuwa ndogo sana, nayo inaimarika.

Lakini kuna joto. Betri na kompyuta zinapata moto, na ganda lake linapaswa kuutoa nje. Magnesi safi inapitisha joto vizuri. Ikichanganywa na aluminiamu na zinki, uwezo huo unaweza kushuka hadi nusu au chini zaidi. Kuifinya kwa nguvu kunaongeza mipaka kati ya punje, na kila mpaka unazuia kidogo elektroni zinazobeba joto. Hata hivyo, katika aloi fulani kazi hiyo inafanya vitu vilivyochanganywa vijitenge, na joto linapata njia tena. Na metali hiyo ikipashwa moto kupita kiasi, punje zinakua upya na nguvu inapotea, sawasawa na chuma cha mfua vyuma wetu.

Anayejua kupima mambo hayo ndiye anayepanga bei. China inazalisha zaidi ya asilimia 80 ya magnesi ya dunia. Mwaka 2021, ilipopunguza uzalishaji kwa sababu ya uhaba wa umeme, viwanda vya magari vya Ulaya viliingiwa na hofu.

Maniema haichimbi magnesi, lakini somo linatuhusu. Kasiterite ya Kalima, Punia na Kailo inatoka hapa ndani ya magunia. Sehemu kubwa inayeyushwa ng'ambo kuwa bati, metali inayoyeyuka kwa digrii 232 na inayounganisha vipande ndani ya simu zilezile tunazonunua kwa bei ghali. Mchimbaji analipwa kwa kilo ya mawe. Faida ya moto na maabara inabaki kwa wengine.

Njia ipo. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inagawia jimbo asilimia 25 ya mrabaha wa madini, na asilimia 15 kwa ETD ambako uchimbaji unafanyika. Sehemu ya pesa hizo inaweza kununua tanuru dogo na vifaa vya kupimia metali, ili wanafunzi wa Kindu wajifunzie hapa nyumbani. Hilo halitaleta kiwanda kesho. Lakini jimbo lisilojua metali yake inageuka kuwa nini litaendelea kupangiwa bei na wanaojua. Raia wana haki ya kuwauliza viongozi: mrabaha huo unafanya kazi gani?