Nguvu Si Utamu

Hapa Majengo, Songea, kijana akiona gitaa lake la umeme halitoi sauti safi, hutafuta hambaka yenye nguvu zaidi. Napinga! Pikapu hiyo ya koili mbili, aliyoibuni Seth Lover wa Gibson mwaka 1955, hufuta mvumo wa umeme. Lakini mizunguko mingi ya waya huongeza nguvu na kufifisha mlio mwembamba, ule uliolifanya solo la Mbaraka Mwinshehe lizungumze. Nami nilipoteza fedha kabla sijaerevuka. Shika bisibisi, ishushe pikapu mbali na nyuzi. Haitoshi? Fundi redio aunge koili sambamba badala ya mfuatano: nguvu itapungua, mlio utang'aa, mvumo hautarudi. Tusiuzike muziki wetu wa dansi kwa makelele.