Radi kwenye santuri za babu

Mzee mmoja wa Tanga, mwalimu mstaafu, alikaa karibu mwaka mzima bila kugusa santuri zake. Watoto walipomuuliza alijibu kwa mkato: masikio yamekwisha, anasikia radi tu, waimbaji hawasikii. Binti yake akaanza kupanga siku ya kumpeleka kupimwa. Kaka mtu, kwa upande wake, alishapata mnunuzi wa mashine. Mjukuu wa miaka 14 ndiye aliyesema, "Babu, hiyo radi hata mimi naisikia."

Mzee hakuwa amekosea kabisa. Usikivu unaopungua kwa umri huanza kupotea kwenye sauti nyembamba, zile zinazobeba herufi kama s, f na t, na sauti nzito hubaki kwa muda mrefu zaidi. Mashine ikinguruma, mtu mwenye miaka 70 anabakiwa na mngurumo wakati maneno ya wimbo yanafifia. Kumpima masikio ni jambo jema hata hivyo, ila mashine nayo ipimwe.

Ya mzee huyu ni Garrard SP25, iliyotengenezwa Uingereza, aina iliyouzwa sana miaka ya 1960 na 1970. Ndani yake mota haizungushi sahani moja kwa moja. Kati yao kuna kigurudumu chenye mpira pembeni, kinachobanwa kwenye ncha ya mota upande mmoja na ukingo wa ndani wa sahani upande wa pili. Mota nyingi za namna hii, kwa umeme wa hertz 50, huzunguka karibu mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde. Sikio la binadamu huanza kusikia karibu na mitetemo 20 kwa sekunde. Kwa hiyo mtetemo wa mota ukipenya hadi kwenye sindano, unasikika kama lori linalopita barabara ya nyuma.

Kabla ya kushika bisibisi, sikiliza. Weka sindano mwanzoni mwa santuri, pale ambapo muziki haujaanza, ongeza sauti kiasi, kisha inua sindano. Sauti mbaya ikibaki, huo si mngurumo wa mashine bali ni umeme: waya wa ethi umeachia au nyaya za sindano zimechoka. Ikipotea, tatizo linapitia kwenye sindano. Jaribu santuri nyingine pia, maana zipo zilizochapwa na mngurumo wake tangu kiwandani.

Kisha zima mashine, weka sindano juu ya santuri iliyosimama, na gonga meza taratibu kwa kidole. Ukisikia gonga hilo kwenye spika kwa nguvu, meza au springi zinapitisha kila kitu. Hapa ndipo familia nyingi hukwama bila kujua. Mashine hizi zina skrubu za safari, zinazokazwa wakati wa kuhama ili kitako kisirukeruke. Ukifika unakoenda unatakiwa kuzilegeza ili mashine ielee juu ya springi zake. Mzee wa Tanga alihama kutoka nyumba ya shule alipostaafu, na skrubu zilikuwa bado zimekazwa.

Kulegeza kulipunguza mngurumo, hakukuumaliza. Jaribio lililofuata linafaa pale ambapo amplifaya ina plagi yake peke yake: santuri ikizunguka, chomoa plagi ya mashine tu. Mngurumo ukikatika papo hapo, ni mota, na mara nyingi vipira vinavyoibeba vimekauka vikawa vigumu kama kwato. Ukiendelea huku ukipungua kadiri sahani inavyotulia, shuku kigurudumu cha mpira au beringi ya sahani. Kwa mzee uliendelea, tena kwa mdundo wa haraka, du-du-du. Mdundo wa hivyo kwa kawaida ni mpira uliobonyea sehemu moja.

Sasa chomoa umeme kabisa. Toa klipu ya katikati, inua sahani ikiwa wima. Futa mpira wa kigurudumu, ncha ya mota na ukingo wa sahani kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Petroli hapana, inavimbisha mpira. Mpira uliong'aa kwa ugumu unaweza kukwaruzwa kidogo kwa msasa laini huku kigurudumu kikizungushwa, lakini bonyeo lililoingia ndani haliondoki kwa msasa. Tafuta kigurudumu kingine au fundi wa kukivisha mpira mpya. Beringi nayo isafishwe grisi iliyoganda, ipakwe mpya kidogo. Mota itoshe na tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani kwenye beringi zake. Mafuta ya kupikia yanageuka gundi. Tone likidondokea mpira, futa mara moja, la sivyo sahani itateleza.

Angalizo kwa wenye watoto wadogo: beringi hizi zina goroli za chuma ndogo kuliko punje ya mahindi, na hupenda kunata kwenye grisi kisha kudondoka sakafuni. Fanya kazi juu ya sinia, zihesabu unapozitoa na unapozirudisha. Chupa ya spiriti isiachwe mezani. Ukihitaji kugusa nyaya za mota, mwachie fundi redio.

Kuna jambo la mwisho ambalo halihitaji kufungua kitu. Santuri nyingi ndogo za miaka ya 1960 ni za mono, na sindano ya stereo husoma pia mtetemo wa juu-chini ambao kwenye santuri hizo hauna muziki wowote. Amplifaya ikiwa na kitufe cha mono, kibonyeze. Sehemu kubwa ya mngurumo hujifuta.

Mnunuzi wa yule kaka aliambiwa asije. Mjukuu amepewa kazi ya kuhakikisha swichi inarudishwa kwenye "off" kila santuri inapokwisha, kwa sababu mashine ikizimwa ukutani tu, kigurudumu hubaki kimebanwa palepale usiku kucha, na mpira huanza kubonyea upya.