Theluji Yetu ni Mchanga

Jamaa niliyesoma naye Kakuma siku hizi yuko Minneapolis. Januari alinitumia video: theluji imefika magotini, na hata hakujapambazuka gari la jiji linaisukuma kando. Hakuna anayeshangaa. Baridi huja kila mwaka, jameni.

Kwetu Lokitaung theluji ni mchanga. Mvua ikinyesha milimani laga hujaa, inakata barabara, na maji yakiisha unabaki mchanga unaomeza magurudumu ya lori. Hapo utaambiwa mvua ni ya Mungu. Sawa, lakini laga inapita palepale kila mwaka! Aprili tulilala njiani na mama mjamzito, wanaume wakichota mchanga kwa sahani za kulia. Tingatinga lilifika wiki iliyofuata, pamoja na mpiga picha.

Wakoloni walimfungia Kenyatta hapa 1953 kwa sababu hapafikiki. Yeye walimhamisha 1959. Sisi bado tuko.

Na sidai lami, hiyo ni hadithi ya kampeni. Nadai tingatinga moja likae Lokitaung kabla mvua haijaanza, dereva awe amelipwa, na dizeli iwe ndani ya tangi.