Baada ya Nyamukubi, nani anasimamia mlima?

Alhamisi tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa siku ya soko kule Nyamukubi, Kalehe. Mvua ilinyesha milimani, mito ikashuka na mawe na tope, na watu zaidi ya 400 wakafa Nyamukubi na Bushushu. Wengine wengi hawakuonekana tena. Taifa zima liliomboleza, misaada ikafika, kisha magari yakarudi.

Wengi tulisema ni mvua. Lakini wandugu, mvua kali si jambo geni Kivu. Kilichobadilika ni mlima wenyewe. Miti imekatwa kwa ajili ya makala, mbao na mashamba, na udongo wa mteremko hauna tena mizizi ya kuushika. Ndege na wanyama wadogo walioishi humo nao wamekwenda.

Mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa 1970, inalindwa na ICCN, taasisi ya serikali kuu. Nje ya mpaka wake mambo ni mengine. Huko ni sheferi ya Buhavu: mwami, mashefu wa grupema, mashefu wa vijiji. Hao ndio wanaojua nani amepewa shamba wapi na nani amejenga kando ya mto. Sheria ya 2008 inaipa sheferi bajeti yake na haki ya kusimamia mapato yake. Na mapato yanatoka wapi? Gunia la makala hutozwa ushuru sokoni na njiani. Mti uliosimama hauingizii ofisi kitu.

Sheria hiyo hiyo inataka kila sheferi iwe na baraza lililochaguliwa, la kujadili bajeti. Uchaguzi huo haujafanyika hata mara moja. Kwa hiyo hakuna mjumbe wa kuuliza: makala yameingiza kiasi gani mwaka huu, na vitalu vya miche vimepata kiasi gani?

Tusimlaumu mwami peke yake. Katiba inaipa mikoa asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotoka kwao, na Kinshasa haijawahi kuitekeleza vizuri. Kisha vita. Mwanzoni mwa 2025 Minova na Nyabibwe ziliingia mikononi mwa M23, na familia iliyokimbia inahitaji kuni leo jioni, haiwezi kungoja mti wa miaka kumi.

Hata hivyo kuna mambo yasiyohitaji pesa nyingi. Shefu anaweza kukataa kugawa kiwanja kwenye ukingo wa mto. Anaweza kuamua kwamba kilele fulani hakilimwi tena, miti ya asili ichipuke yenyewe (mikaratusi hukua haraka, lakini haiurudishi msitu). Agizo la 2014 linaruhusu jamii kuomba msitu wake kwa gavana, hadi hekta 50,000, na huko Walikale jamii kadhaa zimeupata.

Makanisa yetu nayo yana viwanja, shule na zahanati kwenye miteremko ile ile, na shefu huwa anawasikiliza wachungaji na akina mama wa kanisa. Mnapokwenda kumwona, anzeni na swali dogo: hapa kwetu gunia la makala linalipiwa ngapi, na risiti inaandikwa na nani?